Nimechanganya mbegu za mamama aina mbili kwenye mfuko mmoja, je hapa nimepata chotara?

kofia_pana
Wakuu habari zenu. Nalima uyoga mamama nyumbani mwaka wa pili huu, sio kwa ukubwa, ni chumba kimoja tu cha nyuma. Nina aina mbili. Kuna nyeupe, hii inapenda joto na inazaa bila kubembelezwa ila kofia zake nyembamba mno, ukiishika vibaya imeshapasuka. Alafu kuna ya kijivu, kofia pana, nene, ina nyama haswa, lakini bila baridi inagoma kabisa, nyuzi zinajaa mfuko mzima zinakaa tu zinakuangalia. Nikawaza mbona nisizikrosi nipate ya kijivu nene inayozaa kwenye joto? Basi nikachukua mbegu za zote mbili nusu kwa nusu nikachanganya kwenye mifuko sita ya mabua. Nyuzi zimejaa vizuri, siku ya 24 vichwa vikaanza kuchomoza, na aisee kwenye mifuko miwili kuna shada limetoka rangi ya katikati, sio nyeupe sio kijivu, kama majivu yaliyomwagiwa maziwa. Hiyo ndo chotara tayari? Nikate tishu niikuze? Na kingine, mifuko yote ina mstari wa kahawia hivi unaokata katikati ya weupe kama mpaka wa shamba. Ni ugonjwa au?

fundi_spora
Mkuu pole, hapo huna chotara, una wapangaji wawili kwenye nyumba moja. Na huo mstari unaokutisha sio ugonjwa, ndo ushahidi wenyewe. Mbegu unayonunua ni nyuzi ambazo zilishaoana zamani, kila seli ina viini viwili vinaishi pamoja, kimoja kutoka kila mzazi. Nyuzi mbili za namna hiyo zikikutana zinatambuana kwamba huyu sio mimi, seli za pale mpakani zinakufa, rangi inakusanyika, ndo huo mstari. Kata tishu upande huu utapata nyeupe ile ile, kata upande ule utapata kijivu ile ile, hata uchanganye mifuko mia.

Sasa hilo shada la rangi ya maziwa. Kijivu haina rangi moja ya kudumu. Aina hiyo hiyo ikitokea kwenye nyuzijoto 10 au 12 na mwanga wa kutosha inakuwa na kofia ya bluu nzito karibu na nyeusi, ikikomaa kwenye 22 inapauka, na ikikosa mwanga ndo kabisa inakuwa kama karatasi iliyokaa juani. Ngoja nikisie, wiki ile usiku kulikuwa na baridi alafu mchana joto likarudi?

Wanaooana kwenye uyoga ni watoto, yaani spora. Spora ya mamama imebeba nusu ya urithi, ikiota inatoa uzi mwembamba wenye aina moja tu ya kiini, hiyo inaitwa monokarioni. Huo uzi ndo uko tayari kuolewa. Ukikutana na monokarioni nyingine inayomfaa wanaungana, viini vinahamia kwa mwenzake lakini haviyeyukani, vinatembea viwili viwili mpaka siku uyoga unatoka, ndo vinaungana dakika za mwisho kabisa kabla ya spora mpya kutengenezwa. Kwa hiyo kama unataka chotara lazima urudi nyuma mpaka kwenye spora.

kofia_pana
Dah. Umejuaje habari ya baridi usiku, ndo ilivyokuwa kabisa. Haya basi, monokarioni "inayomfaa" maana yake nini, sio yoyote na yoyote?

fundi_spora
Sio yoyote. Mamama wana kufuli mbili, watafiti wanaziita A na B. Ili ndoa ikamilike lazima wanandoa watofautiane kwenye A na pia watofautiane kwenye B. Wakifanana hata kwenye moja tu, ndoa haifiki mwisho. Uyoga mmoja unatoa spora za makundi manne, na kila kundi linaoana na kundi moja tu kati ya hayo manne. Maana yake spora za uyoga mmoja zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinakubaliana robo tu. Ni namna ya kukwepa ndugu kuoana. Ila ukileta spora za uyoga wa ukoo mwingine kabisa, kufuli zote ni tofauti, karibu kila jozi inakubali. Shitake naye ni hivo hivo. Na kuna kauyoga fulani kadogo ka kwenye magogo, Schizophyllum commune, yule makundi yake ya kuoana yanapita 20,000, binadamu tuna mawili na bado tunagombana.

Na wazo lako la nyeupe na kijivu sio la kijinga hata kidogo. Nyeupe za joto nyingi zinatokana na mamama ya Florida, Marekani, zamani ikadhaniwa ni spishi yake peke yake. Mtafiti wa Ujerumani Gerlind Eger na wenzake miaka ya 1970 wakaikrosi na mamama wa baridi wa Ulaya, ikaonekana wanaoana na kuzaa bila shida. Kwa hiyo njia unayotaka kupita ilishapitwa.

shangazi_ukungu
Fundi amesema nadharia yote ngoja mimi niseme ya mikono, manake hapo ndo watu wanaliaga. Nimeshakrosi mamama mara tatu, mara ya kwanza nikajidanganya miezi minne mizima nitaeleza.

Mwanangu chukua kofia ya kila aina iliyokomaa lakini haijaanza kujikunja kwenda juu. Kata shina, ilaze kifudifudi juu ya foili safi, funika na bakuli, acha usiku mmoja. Asubuhi utakuta vumbi jeupe au la zambarau hafifu limejichora mistari kama mapezi ya chini ya kofia. Kunja foili, andika jina na tarehe, USIACHE KUANDIKA. Vaa maski unapofanya hiyo kazi, na chumba chako kikijaa uyoga ulioiva pia vaa, spora za mamama zikivutwa kila siku zinaleta ugonjwa wa mapafu, mimi nilikohoa msimu mzima nikidhani ni mafua.

Chakula cha sahani za kuoteshea: viazi gramu 200 vichemshwe uchuje maji, glukosi gramu 20, agari (unga wa kugandisha) gramu 20, jumla lita moja, kwenye sufuria ya presha nyuzijoto 121 dakika 20 hadi 30. Kama huna chumba safi tumia boksi la plastiki la uwazi ulilotoboa matundu mawili ya mikono, pangusa na spiriti ya asilimia 70, subiri hewa itulie.

Alafu ndo kazi yenyewe. Kwanguza spora kidogo tu, ncha ya sindano inatosha, tia kwenye maji safi ml 10 yaliyopitia presha, tikisa. Maji yakiwa meupe kama ya kuoshea mchele ni nzito mno, hapo zimo mamilioni. Chukua ml 1 tia kwenye ml 9 nyingine, tikisa, rudia, rudia, rudia. Mimi nafika mara tano. Kutoka kila chupa ya mwisho mwisho unadondosha matone mawili kwenye sahani unayatandaza. Unataka sahani yenye vidoa 20 hadi 50 vilivyokaa mbalimbali. Kuanzia siku ya nne ielekeze sahani kwenye taa utazame kwa nyuma, utaona vidoa kama pumzi kwenye kioo. Hapo usisubiri wanenepe! Vikigusana vimeshaoana. Choma sindano, ipoe, inyanyue kila kidoa na kijipande cha agari ukiweke kwenye sahani yake.

Makosa yangu ya mara ya kwanza: nilichagua vidoa vilivyokua haraka kuliko vingine nikijua ndo vyenye nguvu. Kumbe vilikuwa na nguvu kwa sababu vilishaoana, spora mbili zilikuwa zimegandana. Monokarioni ya kweli mara nyingi ni dhaifu, inajikongoja, nyuzi zake zimelala. Miezi minne nikakuza "chotara" wangu nikawagawia na majirani, kumbe ni nyeupe ile ile imeoa dada yake.

kaka_mfupi
Mbona mnamtesa mwenzenu, mi nachanganya spora za aina mbili kwenye sahani moja nazipaka zote pamoja, zinaoana zenyewe, nachukua nyuzi nzuri naweka kwenye ngano. Nimepata mamama mzuri tu tena mkubwa.

shangazi_ukungu
Kaka mfupi umepata mamama, sikatai, ila utajuaje ni chotara? Kwenye sahani hiyo nyeupe wameoana na nyeupe robo yao, kijivu na kijivu robo, na wa mchanganyiko nao wamo, wote wamejaa humo wanapigania chakula. Anayeshinda kwenye sahani ni mwenye mbio kwenye sahani, sio mwenye kuzaa kwenye mfuko. Kama unapenda bahati nasibu sawa, ni njia ya haraka na wakati mwingine inatoa kitu kizuri kweli. Lakini huyu anataka sifa mbili maalum kutoka kwa wazazi wawili maalum.

kaka_mfupi
Sawa shangazi nimeelewa, ila uyoga wangu mzuri bado 😂

nyuzi_nyuzi
Samahani naingilia. Mimi sina hadubini, nitajuaje ndoa imekubali? Na pia kuna aina moja nimebaki na nyuzi zake tu, haijawahi kutoa kofia kwangu, sina spora. Ndo basi?

fundi_spora
Bila hadubini unaweza kukisia, kwamba nyuzi zikioana zinachangamka, zinakuwa nene na zinaenda mbio kuliko wazazi wao wote wawili. Ila hilo ni la kukisia. Tafuta hadubini hata ya kuazima, ukuzaji wa mara 400 unatosha. Nyofoa nyuzi changa za pembeni kabisa, tone la maji, kioo juu, alafu tafuta pale seli moja inapoishia nyingine inapoanza. Kama zimeoana utaona kijifundo pembeni ya ukuta, kama mpini wa kikombe ulioinama ukashika seli ya nyuma yake. Hicho kijifundo kinaitwa klampu, kazi yake ni kuhakikisha kila seli mpya inapata viini vyote viwili. Monokarioni hana klampu, uzi wake ni laini mwanzo mwisho. Kwa hiyo unaangalia mara mbili, kabla ya ndoa uhakikishe HAZIPO na baada ya ndoa uhakikishe ZIPO. Shangazi angeangalia kabla asingepoteza miezi minne hahaha.

Na hilo la kubaki na nyuzi tu, njia ipo. Dikarioni, yaani nyuzi zilizoshaoana zenye viini viwili, inaweza kumpa monokarioni kiini kimoja. Jambo hili limepewa jina la Buller, alikuwa mtaalamu wa kuvu huko Winnipeg, Kanada, aliliona kwenye uyoga mwingine miaka ya 1930. Unaweka kipande cha nyuzi zako zilizooana sentimita mbili kutoka kwa monokarioni ya aina nyingine, ukisubiri zigusane kisha unachukua sampuli upande wa MBALI wa monokarioni, sio pale mpakani manake pale utabeba za zamani. Zikiwa na klampu kule mbali ujue kiini kimehama. Ubaya ni kwamba hujui kati ya viini viwili ni kipi kilichohama, kwa hiyo chukua sampuli kadhaa.

nyuzi_nyuzi
Asante sana. Na nikikrosi ile ya waridi na ile ya manjano si itatoka rangi ya chungwa? 😀

fundi_spora
Ingekuwa rangi za ukutani ndio. Waridi ni Pleurotus djamor, manjano ni Pleurotus citrinopileatus, kila mmoja na spishi yake, hawaoani, utaona mpaka tu kwenye sahani. Wala waridi haoani na kijivu. Kufanana sura hakusaidii pia, kuna mamama wa kijivu mwembamba, Pleurotus pulmonarius, ukimweka pembeni ya Pleurotus ostreatus, mamama wa kawaida tunayemzungumzia hapa, hutowatofautisha lakini hawazaliani. Kwa hiyo kofia_pana hakikisha kwanza kijivu yako ni ostreatus kweli, wauza mbegu wengi wanaandika "mamama kijivu" wanaishia hapo, mimi nilishauziwa pulmonarius kwa jina hilo na nikapoteza sahani thelathini nikidhani ni mikono yangu mibovu.

Alafu hao wa manjano tuwe nao makini, Marekani wametoroka mashambani wakaingia msituni, tangu miaka ya 2010 wanaonekana kwenye magogo majimbo mengi. Mabaki ya majaribio yachemshe au uyachome, usitupe tu nje.

kaka_mfupi
Na ule wa vifungo mweupe wa dukani nao vipi, nina spora zake.

shangazi_ukungu
Achana nao kwa nyumbani. Yule kwenye kila kijiti chake cha kubebea spora, spora ni mbili badala ya nne, na nyingi zao zinazaliwa na viini viwili vinavyooana tayari ndani, yaani spora inatoka tumboni ikiwa imeshaolewa. Kumpata mmoja aliye peke yake ni kutafuta sana. Uholanzi walihangaika naye miaka mingi, chotara wa kwanza aliyekubalika sokoni, Horst U1, akatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengi waliofuata ni kama nakala zake.

kofia_pana
Narudi baada ya wiki saba, samahani kwa kimya. Nimefanya yote mliyosema. Kijivu nilithibitisha na aliyeniuzia, ni ostreatus. Nikapata monokarioni nne za nyeupe nikaziita N1 mpaka N4, na nne za kijivu K1 mpaka K4, zote nimeangalia hazina klampu (moja nilitupa ilikuwa nazo, shangazi nilikukumbuka). Nikakrosi kila N na kila K, jumla 16. Sahani moja, N4 na K1, ikaota ukungu wa kijani nikaitupa nje bila kuifungua. Zilizobaki 15, kumi na moja zina klampu, nimeziona kwa macho yangu, nilipiga kelele usiku. Lakini nne zimekataa: N1 na K2, N1 na K4, N3 na K2, N3 na K4. Fundi si ulisema koo tofauti karibu zote zinakubali? Nimekosea wapi?

fundi_spora
Hujakosea popote, hebu angalia tena waliokataa. Ni N1 na N3 tu, wakikutana na K2 na K4 tu. Sio ajali hiyo. N1 na N3 wana kufuli moja inayofanana na ya K2 na K4, nadhani kila mzazi ana aina mbili za hiyo kufuli na moja wanayo wote wawili. Ikiwa hivo basi inatarajiwa robo ya jozi kukataa, yaani 4 kwenye 16, na wewe umepata nne. Kwa hiyo nyeupe yako na kijivu yako mahali fulani nyuma wana babu mmoja, labda mtu alishazikrosi kabla yako akauza bila kusema. Hizo nne zilizokataa zimekuaje, zimelala bapa au zimejenga ukuta katikati?

kofia_pana
Bapa, nyepesi sana kama zimechoka.

fundi_spora
Basi kufuli inayofanana yaelekea ni A, dalili ndo hizo. Kama wangefanana kwenye B mara nyingi ungeona uwazi katikati kama wamegombana. Ila usiweke kiapo kwa kuangalia tu.

shangazi_ukungu
Hongera sana mwanangu! Sasa kabla ya furaha weka nakala ya kila moja kwenye friji, pamoja na monokarioni zote nane, hao ndo mali yako kuliko hata chotara, unaweza kuwaozesha tena na aina nyingine. Alafu usikimbilie kusema umepata. Chagua chotara tatu au nne, kila moja mifuko mitano, uzito sawa, mabua ya siku moja, na weka pembeni mifuko mitano ya nyeupe mzazi na mitano ya kijivu mzazi, chumba kimoja kwa wakati mmoja. Bila wazazi pembeni huna cha kulinganisha. Pima mkupuo wa kwanza na wa pili, yaani mavuno ya awamu ya kwanza na ya pili, kwa mizani. Na jiandae kisaikolojia, nyingi zitatoka na kofia nyembamba ya nyeupe na uvivu wa kijivu, mimi kwenye krosi zangu za kweli nilibaki na moja tu ya maana.

kofia_pana
Nimeshapanda shangazi, K1N2, K3N2, K3N4 na K2N4 pamoja na wazazi. Leo siku ya 26, chumba kiko nyuzijoto 24 usiku na mchana. Kijivu mzazi amelala kama kawaida yake. Nyeupe ameanza mifuko yote. Na K3N2 ana vichwa kwenye mifuko mitatu kati ya mitano, vinene kweli, shina kama kidole gumba. Rangi ni ile ile ya majivu na maziwa, lakini safari hii kwa joto hili sisemi chochote mpaka nikate mkupuo wa kwanza nipime.